Mipangilio ya Natalia

Haya yalimpata rafiki yangu Levina, mchana kabisa, katika ofisi ya ushirika wa mpunga hapa Ifakara. Alikuwa na mwanawe Beno mgongoni, anaunganisha majedwali matatu ya wanachama, la Mlimba, la Chita na la Mchombe, yawe moja. La Mchombe alilitengeneza Natalia, marehemu mke wa kwanza wa mumewe.

"Usiguse mipangilio yake, zile rangi na safu, mama Beno," bosi akamwambia. "Natalia alikuwa fundi bwana."

Fundi, fundi, kila siku fundi. Wivu ukampanda Levina. Bosi alipotoka tu, akaifuta mipangilio yote ya Natalia, kisha akaunganisha na kuhifadhi.

Mvua ikashuka, umeme ukakatika, chumba kikawa giza. Beno akaangua kilio. Kwenye meza ya pili, isiyo na mtu, vitufe vya kompyuta vikaanza kubonyezwa, taratibu. Beno akanyamaza.

Umeme uliporudi, rangi zote za Natalia zilikuwa palepale. Levina akatafuta jina la mumewe. Mke: Natalia. Mtoto: Beno. Na Beno alizaliwa miaka miwili baada ya mazishi ya Natalia.

Akageuza shingo. Mtoto alikuwa amekinyooshea kile kiti kitupu cha meza ya pili mikono yote miwili, anataka kubebwa.