Beleshi Nyuma ya Kuni

Je, wewe ukiambiwa ufunge begi lako mwenyewe, na hakuna atakayelifungua kulikagua, utaweka nini na utaacha nini?

Kwetu Romsdal, kwenye milima ya theluji, ndivyo tunavyofanya. Asubuhi ile ya Pasaka mjukuu wangu Tiril, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ametandaza vitu vyake sakafuni jikoni: glavu za akiba, thamosi ya kakao, machungwa, mikate ya jibini la kahawia, beleshi jepesi la mpini wa kuchomoa, na zile ngozi za kubandika chini ya mbao za kutelezea kwenye theluji ili zisirudi nyuma unapopanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda nasi hadi kileleni. Mjomba wake Torgeir alikuwa amesema wazi, "Asiyefunga begi vizuri anabaki."

Begi likagoma kufungika. Binamu yake Jostein akacheka.

"Wee, unahama? Huo mgongo wa kijiti utaweza?"

Tiril akanuna. Jostein alipotoka, Tiril, kama alivyonisimulia baadaye, alichomoa beleshi akalisukuma nyuma ya kuni. Begi likafungika bila shida.

Langoni Torgeir alitupima mmoja mmoja vile vifaa tunavyovaa kifuani, vinavyotoa mlio ili mtu aliyefukiwa na theluji apatikane. Mabegi hakuyagusa. "Haya, twende!"

Tulikuwa hatujafika hata kwenye mto ulio chini ya mlima. Tiril alisimama, uso umemwiva.

"Mjomba, sina beleshi. Nimeliacha makusudi."

"Arudi nyumbani huyo!" Jostein akadakia.

"Wewe nyamaza kwanza," Torgeir akasema. Akamgeukia Tiril. "Tuseme Jostein kafukiwa. Kifaa kimekuonyesha alipo. Utamchimbua kwa kitu gani? Kwa chungwa?"

Mimi nilicheka. Jostein hakucheka.

"Beleshi unalobeba si lako, mwanangu, ni la mwenzako," Torgeir akaendelea, sauti imeshuka. "Mlimani kila mtu anaishi kwa kilicho kwenye begi la mwingine. Umekosea. Lakini umesema mwenyewe, hukuulizwa, na mtu wa namna hiyo ninaweza kupanda naye. Kimbia ukalilete, tunakungoja."

Alikwenda kama mshale! Aliporudi, Jostein alinyoosha mkono. "Lete hiyo thamosi nikubebee. Usidhani nakupenda, naitaka kakao."

Tukapanda polepole, jua likatuchoma mashavu. Kileleni tulipigana mabegani kwa furaha. Fiyodi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, ilikuwa inang'aa chini kabisa, na mbele yetu mteremko mweupe ambao hakuna aliyeupitia. Torgeir aliuchunguza kwa muda mrefu, akachoma theluji kwa fimbo yake ya kutelezea hapa na pale kuona kama itaporomoka, akaridhika.

"Pako salama. Nani anatangulia?"

Majira yote ya baridi nilikuwa nimemwona Tiril akiutazama mteremko ule kutoka dirishani, asimwambie mtu. Sasa alivuta pumzi, akainua fimbo zake juu.

"Mimi, mjomba! Nataka nitangulie mimi!"