Simu Iliyomkataa Kufuli

Mchonga funguo mmoja alikuwa na kibanda kando ya barabara. Watu walimwita Kufuli. Mlango ukikwama, walimwita yeye. Ufunguo wa sanduku ukipotea, walimpelekea yeye. Hakuna kitasa kilichomshinda. Kilichomshinda ni wivu. Mkewe akimsalimia muuza mkaa, wivu. Akichekea redio, wivu.

Mkewe alikuwa mshonaji. Alishonea nyumbani, cherehani yake karibu na dirisha. Mwaka ule alinunua simu mpya kwa bei ya ofa. Wateja wakaanza kumpigia. Mmoja, mwenye sauti nzito, alipiga karibu kila siku.

"Kiuno kimeongezeka tena?" mkewe alimuuliza mteja huyo kwenye simu asubuhi moja, huku akicheka. "Haya, nitakilegeza."

Kufuli alikuwa akinywa chai. Chai ikampalia.

"Kiuno cha nani?"

"Cha mteja, baba watoto. Nashona suruali zake."

"Mteja gani anachekesha hivyo?"

"Anayenenepa kila wiki."

Siku hiyo hiyo simu ya Kufuli ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa.

"Niazime yako," alimwambia mkewe. "Nitaweka laini yangu."

"Haitakubali. Ilikataa hata laini ya dada yangu."

Kufuli aliweka laini yake. Kioo kikaandika: INGIZA NAMBA YA KUFUNGUA.

"Namba gani hii?"

"Siijui."

"Simu yako, halafu namba yake huijui?"

"Siijui, nimesema." Mkewe akarudi kwenye cherehani.

Roho ilimuuma Kufuli. Alikuwa na hakika kwamba mkewe ameifunga ili yeye asiingie. Mkewe alipotoka kwenda kununua nyuzi, Kufuli aliichukua simu, akaweka tena laini yake. Alijaribu mwaka wa ndoa yao. Ikakataa. Akajaribu mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza. Ikakataa. Hilo la ndoa ndilo lililomchoma zaidi. Alijaribu nyingine na nyingine, kisha akaitia simu mfukoni, huyo mpaka kwa fundi simu.

Fundi simu alikuwa mwanamke, rafiki wa mkewe. Kwa sababu ya miwani yake minene, mtaa mzima ulimwita Dada Miwani.

"Nivunjie hii, ifunguke," alisema Kufuli.

Dada Miwani aliigeuza simu. "Si ya shoga yangu hii? Anajua umekuja nayo?"

Kufuli akajikuna kichwa.

"Shemeji, mtu akikuletea kitasa kisicho chake, unamchongea ufunguo?"

"Namwambia aje na mwenyewe." Maneno yalimtoka kabla hajafikiri. Kisha akanywea.

"Umejaribu namba mara ngapi?"

"Nane."

"Eh! Acha hapo hapo. Simu nyingi za namna hii zina majaribio kumi tu. Yakiisha, hata kampuni inaweza kushindwa kuifungua."

Dada Miwani alitoa laini yake mwenyewe, akaiweka. Simu ikawaka na mtandao ukashika. Kufuli alitoa macho.

"Imekukubali wewe? Mimi mwenye mke imenikataa?"

Dada Miwani alicheka mpaka akavua miwani, akafuta machozi.

"Haikukatai wewe, shemeji. Inakataa kampuni nyingine. Laini yangu ni ya kampuni iliyouza simu hii. Yako ni ya kampuni nyingine. Aliyeifunga si mkeo. Ni kampuni."

"Ifunge kwa nini? Si tumeinunua?"

"Mmeinunua chini ya bei yake. Sehemu iliyobaki imelipwa na kampuni. Kwa hiyo inataka mtumie vocha zake kwa muda fulani. Masharti yako kwenye karatasi, ndani ya boksi. Simu hii ni miezi kumi na miwili. Baada ya hapo, mwenye simu anakwenda ofisini kwao na risiti na kitambulisho. Anapewa namba bure."

"Na wewe huwezi kuivunja leo?"

"Kuweza naweza. Lakini hapa kwetu sheria inakataza kuivunja kabla ya muda. Wapo wanaovunja vichochoroni. Wengine hubadili hata namba ya utambulisho ya simu, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Simu inaweza kufungiwa isishike mtandao wowote. Siwezi kupoteza kibanda changu kwa ajili ya wivu wako."

"Nani amesema wivu?"

"Mtaa mzima, shemeji."

Kufuli alirudi nyumbani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Simu yangu iko wapi?"

Kufuli alieleza yote. Alidhani mkewe atacheka. Hakucheka.

"Miaka kumi na mmoja tunalala kitanda kimoja," alisema mkewe. "Hukuniamini, ukaniibia simu. Siku nyingine ukifanya hivi, usinikute hapa."

Kufuli aliona haya mpaka masikio yakamwaka. "Nisamehe, mama watoto."

Jioni walitafuta boksi chini ya vitambaa. Walisoma karatasi pamoja, mstari kwa mstari. Ilibaki miezi miwili. Wakangoja.

Siku ilipofika, walikwenda ofisini na risiti na kitambulisho. Karani aliangalia tarehe, akaandika namba, akampa mkewe. Waliweka laini ya Kufuli kwenye nafasi ya pili, na mkewe akaingiza namba mwenyewe. Kufuli alitazama dari mpaka alipomaliza. Safari hii simu haikukataa. Ikakubali.

Walikuwa njiani kurudi nyumbani simu ilipoita, kwenye laini ya Kufuli. Mkewe akapokea. Sauti nyororo ya mwanamke ikasema, "Kufuli, mbona huji? Nakungoja tangu asubuhi, mlango uko wazi."

Mkewe alisimama katikati ya njia.

"Nani huyu?"

"Mteja!"

"Mteja gani ana sauti tamu hivyo?"

"Kitasa chake kimevunjika, mlango haufungi. Naapa, mama watoto!"

Mkewe aliishusha simu sikioni.

"Na mimi nilisema mteja," alisema. Kisha akamkabidhi simu. "Haya, mjibu. Nami nitakuamini, ili ujifunze inavyofanywa."