Alipoapa Sikumwamini

— Bibi, unatumia pombe?

Nadhira alimtazama daktari, kisha akanitazama mimi. Akacheka, akidhani anataniwa.

— Mie? Astaghfirullah. Hata siki ikizidi kwenye achari sili.

— Nauliza kwa sababu ya hiki.

Daktari akatugeuzia skrini ya altrasaundi. Palikuwa na duara jeusi, kubwa kama chungwa.

— Una mfuko wa maji kwenye mkia wa kongosho. Mifuko kama hii mara nyingi huwapata wanywaji.

Ilikuwa kliniki ya kulipia, jina lake nalihifadhi. Daktari wa watu alisema "mara nyingi". Mimi hiyo "mara nyingi" niliitupa palepale mlangoni, nikaondoka na "wanywaji".

Naitwa Jabir, nauza vipuri vya pikipiki Chake Chake. Nadhira alikuwa mke wangu kwa miaka sita. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika hoteli ya watalii kule kwao Wambaa, na mimi kazi ile sikuipenda tangu siku ya kwanza. Mwaka mmoja nyuma alirudi na sare ina doa jekundu, inanuka mvinyo. Akasema mgeni kamwaga kitandani. Nililimeza jibu lile, lakini halikushuka.

Daktari alimvuta maji yale kwa sindano, akampa vidonge, akasema kazi imekwisha. Maumivu ya Nadhira yakapoa. Ya kwangu ndiyo kwanza yalianza.

— Nadhira, n'ambie kweli. Huko hotelini wakupa nini?

— Wanipa mashuka machafu, Jabir. Na sabuni.

— Daktari kasema haya maradhi ya walevi.

— Daktari kaniuliza. Hakunishuhudia.

— Na lile doa jekundu?

Alikwenda uani akatia udhu, akarudi amekumbatia Msahafu.

— Haya, nipe maneno unayotaka niape.

— Urejeshe mahali pake.

— Siurejeshi. Wallahi, billahi, tallahi, pombe haijapita mdomoni mwangu. Kama nasema uongo, Mungu anitoe roho kwa tumbo hili hili.

Kwetu sisi mtu akishashika Msahafu huachiwa yeye na Mola wake. Hata adui humwachia. Mimi, mume, nikafungua mdomo:

— Anayekunywa hashindwi kuapa.

Aliuweka Msahafu juu ya meza polepole.

— Basi leo umenita mlevi, na umenita mwongo mbele ya Mungu. Lipo la tatu?

— Lipo. Nimekuacha. Talaka moja.

Hivyo tu. Maneno matatu ya hasira, miaka sita ikalala chini. Nadhira akatia nguo zake kwenye mkoba, akenda zake Wambaa kwa mama yake, Bi Kazija.

Na Pemba habari ya mtu haihitaji bando. Wiki haijapita, Madungu nzima, mtaani kwetu, yajua Jabir kaacha mke mlevi. Nilipoulizwa dukani sikukanusha. Nilinyamaza, nikajiona mstaarabu.

Mwezi wa pili baada ya talaka Bi Kazija akanipigia.

— Mwanangu Jabir, tumbo lake limeanza tena. Hali, halali. Yumo edani mwako huyu, na wewe ndiwe unoijua ile kliniki. Njoo tumpeleke.

— Bi Kazija, mwambie awaombe wenziwe anaokunywa nao.

Nikasikia simu imekatwa. Nataka mjue kuwa niliyasema hayo, kwa mdomo huu huu ninaolia nao leo.

Zikapita wiki mbili nyingine hadi Ishak, kaka yake Nadhira anayefanya kazi Dar es Salaam, alipokuja kumchukua kumpeleka huko hospitali. Ijumaa moja, baada ya sala, simu yake ikaingia.

— Jabir, sikukupigia kwa mapenzi. Niko na daktari bingwa wa upasuaji. Mimi ningekwambia ungesema nantetea dada'angu. Msikilize mwenyewe.

Sauti nyingine ikaja, ya upole:

— Bwana Jabir, tumempiga CT scan mgonjwa. Tena tumempitisha kamera mdomoni hadi tumboni, tukavuta maji ya ule mfuko tukayapima. Mfuko unaotokana na pombe maji yake hujaa vimeng'enya vya kongosho. Haya hayana, haya ni ute mzito. Huu ni uvimbe, na maji hayo unayatengeneza wenyewe. Huwapata zaidi wanawake, tena wa umri kama wake.

— Hata asiyekunywa?

— Hata asiyejua pombe inanukaje.

Nilikuwa nimeshika cheni ya pikipiki ya mteja. Ikaniponyoka.

— Lakini si alitolewa maji, daktari?

— Ndiyo, na ukajaa tena. Uvimbe huu hauvutwi maji, hukatwa. Ukikatwa mapema wengi hupona moja kwa moja. Sasa ndani ya ukuta wake pameota kinundu, na hicho hatukipendi. Jumatatu tutakata mkia wa kongosho pamoja na bandama. Kama umeshageuka saratani, tutajua baada ya kupima tulichokitoa.

Nilifunga duka mbio nikaenda kwa Shehe Hamdan. Nikamweleza yote, na machozi yananitoka mbele ya wanafunzi wake.

— Talaka ulitoa ngapi?

— Moja, Shehe.

— Lini?

— Miezi miwili na nusu sasa.

— Yumkini bado yumo edani, hedhi tatu hazijatimia. Tamka sasa hivi mbele ya mashahidi hawa kuwa umemrejea, na awe nkeo.

— Nitamtamkia mwenyewe, Shehe. Usoni kwake.

Shehe akanitazama.

— Hutachelewa, Jabir? Mambo ya eda mwanamke ndiye anayesadikiwa. Akisema imekwisha, imekwisha.

Sikumsikiliza. Nilitaka nimwone Nadhira akifurahi. Yaani baada ya yote yale, bado nilidhani mimi ni zawadi.

Jumamosi nikavuka hadi Dar es Salaam, alasiri nikaingia wodini. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Aliponiona alivuta mtandio akajifunika hadi puani. Miaka sita mwanamke huyu alinifungulia mlango kichwa wazi.

— Assalaam alaykum, Nadhira.

— Wa alaykum salaam.

— Nimekosa. Daktari kanambia yote. Nimekuja kukurejea.

— Umechelewa, Jabir. Eda yangu imekwisha jana.

— Jana? Shehe kanambia yumkini bado...

— Shehe ana kalenda. Mie nina mwili wangu.

— Wallahi, Nadhira?

Lilinitoka tu. Mtandio ukatikisika, nikajua anacheka.

— Hapo sasa. Wataka niape? Wende ukaniletee Msahafu?

Je, ilikuwa kweli imekwisha jana? Sijui mpaka leo, na sina haki ya kujua. Mara hii nilipaswa kumwamini bila kiapo, nikamwamini, na imani yenyewe ndiyo iliyonitoa kwenye unyumba.

— Basi tufunge ndoa upya. Leo leo. Ishak si ndiye walii wako wa kukuozesha? Usiingie kwenye kisu peke yako.

— Nimeshaingia kwenye kisu peke yangu, Jabir. Tangu siku ile mezani kwako. Hiki cha Jumatatu wanichoma ganzi kwanza.

— Nadhira...

— Toka sasa. Kuna wanawake wenzangu humu hawajajifunika.

Jumatatu walimwingiza saa mbili asubuhi. Muuguzi akatoka na karatasi.

— Mume wa mgonjwa yuko wapi?

Nikanyanyuka. Ishak akanishika bega, akanikalisha.

— Hana mume. Mie kaka yake, lete nitie saini.

Saa tano nzima nilikaa kwenye benchi lile, sisemi, siulizwi. Daktari alipotoka alizungumza na Ishak pembeni. Mimi nilisoma midomo yao kama kiziwi. Ishak aliponipitia alisema kwa kifupi:

— Kazinduka.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu. Ishak aliniruhusu nisikie kwa simu, nadhani kwa kunihurumia, au kwa kuniadhibu. Uvimbe ulikuwa umeshageuka saratani, na umevuka ukuta wake. Itabidi dripu za dawa kali, na daktari hakutuahidi kitu.

— Na ungekatwa ile miezi mitatu nyuma, daktari?

— Bwana Jabir, swali hilo halina faida.

— Nijibu tu.

— Pengine usingekuwa umefika huku.

Kuna watu huua kwa panga, wakafungwa, watu wakajua. Mimi niko nje, nauza plagi na breki, na watu wananiamkia.

Nilimwandikia ujumbe mara zisizopungua kumi, nafuta, naandika. Mwishoni nikatuma: "Nadhira, nakuposa upya. Mahari utakayo. Nikuuguze tu, hata kama hutaki kunitazama."

Jibu lilikuja siku ya pili:

"Jabir, nimekusamehe, na Mungu nimemwambia pia, usije ukaogopa. Ila kurudi sirudi. Nikirudi, kila asubuhi nitakutazama usoni nijue leo waniamini au huniamini. Siku nilizobakiwa nazo hazitoshi kazi hiyo. Usinipigie tena."

Nikakaa chini pale pale dukani. Mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Sasa yuko Wambaa kwa mama yake, baina ya dripu na dripu. Kongosho lililobaki halimtoshi, kwa hiyo anachoma insulini, na insulini kule kijijini haipatikani. Nilimwomba Bi Kazija kitu kimoja tu, niwe nainunua mimi Chake na kuipeleka kila Alhamisi, kwenye chupa ya barafu. Akasema: "Lete. Lakini mwisho wako barazani."

Alhamisi iliyopita nilipiga hodi kama kawaida. Bi Kazija akatoka, akapokea, hakunikaribisha. Na mimi siyo wa kukaribishwa, mwanamke asiye mke wangu tena yumo ndani, amejilaza. Nikasikia sauti ya Nadhira kutoka chumbani, nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi kwanza:

— Nani huyo, mama?

Bi Kazija alinitazama, chupa mkononi.

— Ntu wa dawa, mwanangu.

— Mwambie ahsante.

Nikasema karibu, kwa sauti ndogo. Nikawasha pikipiki nikarudi Madungu.