Kamera Juu ya Mlango wa Spoki

Mbele ya lifti ya jengo la maduka watu walikuwa wamebanana, kila mmoja akijifanya ana haraka kuliko mwenzake, pale ngazi ya fundi wa kamera ilipomvua mtu kofia.

"Dada," ilisema sauti kutoka chini, "hata salamu hatujapeana, ngazi yako imeshanivua kofia!"

Fundi aligeuka, na ngazi nayo ikageuka, watu watatu wakainama kwa pamoja. Alikuwa binti mwembamba, ovaroli ya bluu, kilemba cha rangi ya machungwa, penseli sikioni. Aliyesema alikuwa kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, ameketi kwenye kiti cha magurudumu chekundu, kofia mapajani, anacheka. Tabasamu lile lilimchanganya fundi hadi akasahau kuomba radhi.

"Unakwenda wapi na ngazi yote hiyo, Bi Ngazi?"

"Duka la viti vya magurudumu. Nafunga kamera."

"Duka langu hilo, na liko hapahapa chini. Ungepanda lifti ungetafuta mpaka kesho. Mimi Spoki. Nifuate."

Duka lilinukia mpira na grisi, magurudumu yamening'inia ukutani. Spoki ndiye aliyeunda na kutengeneza viti humo, lakini mwenye duka alikuwa kaka yake mkubwa, aliyetaka kuligeuza liwe duka la simu. Ndugu hao wawili walikuwa wamekubaliana: kamera ihesabu wanaoingia kwa miezi mitatu. Wakifika thelathini kwa siku, duka libaki. Wasipofika, Spoki afungashe spana zake.

Bi Ngazi alipanda, akatoboa dari, akavuta waya hadi kwenye kisanduku cha mtandao nyuma ya kaunta. Kwenye kompyuta aliipa kamera anwani yake, akachora mstari wa kijani kizingitini: anayeuvuka kuingia anahesabiwa. Mwisho akaweka kimo, sentimita mia na arobaini, kama alivyozoea kwenye maduka makubwa, ili watoto na vitoroli visihesabiwe. Akapita mlangoni mara kumi kwa miguu yake. Kamera ikasema kumi.

"Sasa weka nywila. Herufi nane au zaidi, na tarakimu moja. Nageuka, hiyo siri yenu wenye duka."

Spoki aliandika kwa kidole kimoja huku akicheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Si umesema siri?"

Jioni simu ililia.

"Bi Ngazi, kamera yako inaniangalia vibaya."

"Haimwangalii mtu vibaya. Umefanya nini?"

"Nimekukumbuka."

Basi yakaanza hivyo. Simu za asubuhi, simu za mchana, "umekula, mpenzi?" na "teremka kwenye hiyo ngazi kwanza ndipo unijibu." Siku za mapumziko walishindana kwenye mteremko wa bustani, yeye mbio, Spoki kwenye magurudumu, na kila mara Spoki alimsubiri chini akipiga miayo ya makusudi. Kufikia mwezi wa tatu Bi Ngazi hakujificha tena. Alimpenda, na mama yake alishajua.

Ndipo siku ya ripoti ikafika.

"Mashine yako inasema tisa," Spoki alisema kwenye simu. Hakukuwa na utani hata chembe. "Watu tisa kwa siku, na mimi nahesabu zaidi ya thelathini. Kaka ameshaanza kupima kuta."

"Tisa? Nimeifunga mwenyewe, Spoki. Labda ulikuwa unahesabu na wanaochungulia tu."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo, laazizi, nasema kamera haina upendeleo..."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupokelewa, wala siku ya pili. Bi Ngazi alinuna, akajiambia kazi yake aijua. Usiku hakulala.

Siku ya tatu alikuwa akifunga kamera nyingine kwenye duka kubwa la vyombo. Kitoroli kikapita chini ya mlango, namba kwenye skrini isitikisike. Sawasawa, alisema moyoni, ndivyo nilivyotaka. Halafu bisibisi ikamdondoka. Alikiona akilini kiti chekundu, na kofia ambayo ngazi yake iliifikia kwa urahisi. Alikuwa amepita mlango ule mara kumi akijihesabu mwenyewe, asimwambie Spoki apite hata mara moja.

Aliacha ngazi palepale, akatoka mbio.

Alimkuta kaka mtu ameshika tepu ya kupimia. Spoki alikuwa akitia spana kwenye sanduku, hakuinua uso.

"Shemeji, acha kupima," alisema Bi Ngazi akihema. "Kosa ni langu. Nimeiagiza kamera imwache kila aliye chini ya kimo fulani. Wateja wa duka hili wanaingia wameketi! Imewahesabu wanaotembea tu. Picha za wiki nzima zimo, nipeni nywila niwaonyeshe."

Kaka akamtazama mdogo wake. Spoki akakohoa.

"Haiwezi kufunguliwa bila hiyo?"

"Haiwezi."

"Ngazinjootena," Spoki alisema polepole, akitazama sakafu. "Bila nafasi. Halafu moja."

Kaka aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Bi Ngazi aliandika, akashusha kimo, akafungua picha za jana. Kaka alihesabu mwenyewe, kidole juu ya skrini. Walifika arobaini na mmoja, na mmoja wao alikuwa mwalimu wake wa zamani.

"Nitatafuta pengine pa kuuzia simu," alisema, akakunja tepu, akawaachia duka.

"Nisamehe," Bi Ngazi alisema. "Ulinieleza ukweli nikaamini mashine. Tena nilikupenda hivyo ulivyo, halafu nikasahau ulivyo."

Spoki alisukuma kiti akatoka nje, akageuka, akaingia. Namba kwenye skrini ikapanda.

"Imeniona," alisema. "Iliniuma, Ngazi. Ingekuwa mwingine nisingejali."

"Najua."

Walishikana mikono kitambo kirefu.

"Nywila ibadilishwe," alisema Bi Ngazi akijifuta macho. "Shemeji ameisikia."

"Basi geuka."

"Leo sigeuki."

Spoki alisita, kisha akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: *ngazituoane*. Akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu.

"Imekataa," alisema, uso umemshuka.

"Imekataa kamera, si mimi," Bi Ngazi alisema, akainama begani kwake. "Umesahau tarakimu. Weka mbili."