Maji Nje ya Chupa

Kila Jumatano, wanafunzi wa darasa la sita walipima maji kwa chupa za kioo. Jumatano moja zamu ilikuwa ya binti wa fundi cherehani. Alishika jagi kwa mikono miwili, akalenga mdomo wa chupa, akamimina taratibu. Maji yakapita pembeni na kulowesha daftari la mahudhurio.

Ilikuwa mara ya tatu muhula ule. Wenzake walikwisha kumpachika jina, Bi Mwaga, wakalirudia huku wakicheka. Mwalimu akamwita mzembe, akamsimamisha nyuma ya darasa hadi kengele ilipolia.

Adhabu haikumuuma kama lile neno, mzembe. Angekuwa anacheza, sawa. Lakini alikuwa makini kuliko wote!

Nyumbani alimsimulia mama yake kwa hasira. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampa sindano atunge uzi. Uzi ulipita kando mara nne. Akamwambia afunike jicho la kulia, asome kalenda ya ukutani. Hakuona hata tarakimu moja.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Sijui, mama. Nilidhani kila mtu ana jicho moja la kuonea na jingine la kukaa tu."

Asubuhi iliyofuata mama alimpeleka hospitali. Daktari wa macho aliwaeleza kuwa kila jicho hupata picha tofauti kidogo, na ubongo huziunganisha ili kujua kitu kiko umbali gani. Jicho la kushoto la binti lilikuwa dhaifu, hivyo alitegemea dalili nyingine: vivuli, kitu kinachoziba kingine, na vya mbali kuonekana vidogo. Hizo zilimtosha kutembea njiani, ila si kulenga mdomo mwembamba wa chupa ya kioo. Akamwandikia miwani, na mazoezi ya lile jicho.

Kesho yake mama alifika darasani na barua ya daktari, uso ameukunja.

"Mwalimu, mwanangu alivunjiwa heshima mbele ya wenzake. Naomba arudishiwe mbele yao hao hao."

Mwalimu aliisoma barua mara mbili, akaligeukia darasa.

"Nilimwadhibu mwenzenu bila kumuuliza hata swali moja. Kosa ni langu. Nisamehe, binti yangu. Nanyi, lile jina likome leo. Mtu anayejitahidi akikosea tena na tena, msimcheke, muulizeni ana shida gani. Na mwenye macho yanayomsumbua aseme mapema, akapimwe."

Binti akaitikia kuwa amesamehe. Hasira haikumwisha yote siku ile, lakini aliketi dawati la mbele, kichwa juu.