Bwana Nyamaza wa Soko la Stesheni

Jumamosi hiyo soko la stesheni ya reli ya mji wa Dunedin lilifurika watu, na upepo baridi wa kusini ulikuwa ukiwachapa wote bila kujali cheo. Katika foleni ya mikate ya jibini, Mereana Tautari, mtafiti wa chuo kikuu, aliyevaa koti la njano linaloonekana kutoka mbali, aligongana na kijana mrefu. Kahawa ya kijana ikaishia kwenye sweta lake jeupe.

"Maskini mimi! Kalifuma mama hili!"

"Pole, bwana. Tulia." Mereana akachomoa mkobani kipande cha sufu, akamfuta kifua. Kahawa ikanyonywa yote. "Umeona? Nimeitengeneza mwenyewe. Inanasa hata sumu ya viwandani kwenye maji. Siri yake, kwanza tunai..."

"Nyamaza!"

Foleni nzima ikageuka.

"Unamnyamazisha nani wewe?"

"Wewe, dada yangu. Umeshaomba hataza, hati ya kulinda uvumbuzi wako?"

"Bado."

"Basi ukiitoa siri hapa hadharani, haki ya uvumbuzi umeipoteza. Atakayetaka ataunakili."

"Na kama ingekuwa siri ya mapishi?"

"Hiyo ningekuja kuisikilizia jikoni kwako."

Mereana alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana aliitwa Callum Geddes, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watafiti wa chuo hicho hicho kugeuza uvumbuzi wao kuwa kampuni.

Watu humsifu mvumbuzi, na ni haki yake. Lakini uvumbuzi bila wa kuusindikiza ni sawa na binti mzuri asiye na mshenga, atazeekea ndani. Callum alikuwa mshenga hasa. Alisimamia maombi ya hataza, akampeleka Mereana kwenye viwanda vya ngozi akanuse mwenyewe maji ya wateja wake, akamfundisha kuacha michoro na kueleza mambo kama anavyomweleza baba yake. Baba huyo alifuga kondoo huko Gore. Sufu yake ilikuwa ikiozea ghalani, kwa kuwa bei haikutosha hata kumlipa mnyoaji. Kampuni isiposimama ikainunua sufu hiyo, mzee angeuza kundi zima, na Mereana hilo lilimnyima usingizi.

"Bwana Nyamaza, umelala?" Mereana alimpigia simu kila jioni.

"Nitalalaje, Daktari Sufu, na wewe hujasema usiku mwema?"

Wiki moja kabla ya kikao na wawekezaji, ukaja ujumbe mkavu wa Callum: Kuanzia leo utahudumiwa na Bi Heather. Nakutakia mafanikio.

Mereana akapiga simu. "Callum, umeona kampuni yangu itakufa, ndiyo maana umejitoa?"

"Sivyo, Mereana."

"Ila nini?"

"Siwezi kusema. Si sasa."

"Basi endelea kunyamaza!" Akakata simu, akalia mpaka macho yakavimba.

Siku ya kikao alivaa gauni jeusi na kidani cha jiwe la kijani cha marehemu mama yake. Hakuanza na maneno. Alimimina maji machafu ya kiwandani juu ya sufu, akayakinga kwenye glasi yakitoka safi, akayanywa mbele yao. Ndivyo alivyofundishwa: maji kwanza, maneno baadaye. Wawekezaji wakatazamana, na kabla ya chakula cha mchana saini zilikuwa zimetiwa. Alimpigia baba yake, wakalia wote wawili. Hata hivyo furaha ilikuwa nusu, maana aliyemtafuta kwa macho hakuwamo.

"Angekuja kama kanuni ingemruhusu," Bi Heather, mama wa makamo wa ofisi ya Callum, akasema akifuta miwani. "Kwetu, anayempenda mvumbuzi hakai upande wa chuo mezani kugawana naye hisa za kampuni. Wengine hunyamaza tu. Yeye alikwenda kwa mkuu akajieleza."

"Akaeleza nini?"

"Mwanangu, una shahada ngapi wewe?"

Jumamosi Mereana alimkuta Callum kwenye foleni ile ile ya mikate, na sweta lile lile, doa la kahawa halijatoka.

"Kwa hiyo mkuu wako anajua, Bi Heather anajua, ofisi nzima inajua unanipenda. Mimi ndiye wa mwisho?"

Callum aliiva masikio kwa haya. "Ningekwambia kabla ya saini, ungejuaje kama umenikubali mimi au umeogopea kampuni? Sikutaka uwe na deni la moyo kwangu."

Mereana alimwangalia mtu huyu aliyekubali kuchukiwa ili yeye abaki huru, hasira yote ikamwisha. "Na sasa?"

"Sasa... tusogee pembeni."

"Hapana, bwana we. Hapa hapa, mbele ya foleni. Hili halihitaji hataza."

Callum akavuta pumzi, akapaza sauti. "Nakupenda, Mereana Tautari! Na nataka kwenda Gore kumwona baba yako, na si kwa habari ya sufu!"

"Jibu, dada, mikate inapoa!" akafoka muuzaji.

Mereana, aliyewashinda wawekezaji, alifungua kinywa kujibu. Machozi yakatangulia.

"Tafadhali," Callum akamsihi, "leo usinyamaze."

"Twende Gore," Mereana akasema, na hata waliokuwa mwisho wa foleni wakamsikia.