Nani Kaiba Dayari ya Ladislas?

Sanduku la marehemu Ladislas lilikutwa wazi asubuhi ya kumaliza msiba, kijijini Mishamo, Julai 1996. Redio ipo, koti lipo, dayari hakuna. Jamani, mwizi gani huyo anaacha redio anabeba daftari?

Celestin, mtoto wa kwanza, alikuwa na hasira. Siku hiyo vitu vya marehemu vilikuwa vigawiwe mbele ya ukoo, na dayari ilikuwa fungu lake, maana ndiye msomi wa nyumba. Jioni angeondoka nayo kwenda kwake Mpanda mjini. Akamwita Anselmo, kamanda wa sungusungu, mtu mpole lakini mdadisi kupita kiasi.

Anselmo akakagua. Kufuli halikuvunjwa.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Juu ya mlango. Ukoo mzima unajua," Celestin akajibu. "Mimi namshuku baba mdogo."

Gervais, mdogo wa marehemu, alikuwa mvuta tumbaku, na karatasi za kusokotea zilikuwa shida kijijini. Alipoingia, wote wakasimama kumpokea. Mjane tu, Jeannine, mama yake Celestin, alimpa mkono akiwa ameketi palepale mkekani.

"Shikamoo baba mdogo. Dayari umeivuta?"

"Marahaba. Mtoto wewe, adabu umeiacha Mpanda?" Gervais akatoa msokoto. Anselmo akaufungua: gazeti tupu. "Halafu nashuka kwenye lori sasa hivi. Dereva huyo nje, muulize."

Dereva akathibitisha. Jana jioni dayari ilikuwa bado sandukuni, kwa hiyo Gervais hakuhusika.

Anselmo akamgeukia mjane.

"Mama, shemeji yako anaingia, mkubwa wa ukoo, nawe husimami? Miguu inauma?"

"Inauma, baba."

"Mbona alfajiri nimekuona unatwanga? Hebu simama, mama yangu."

Akasimama taratibu. Anselmo akainua mkeka. Dayari hiyo hapo!

"Mama! Na kusoma kwenyewe hujui!" Celestin akapiga kelele.

"Sijui, ndiyo. Baba yako alikuwa ananisomea kila jioni. Namwambia, mwanaume wewe, unaandika nini na hapa hakutokei kitu? Anacheka. Neno ninalolijua ni jina langu tu, yeye ndiye aliyenifundisha. Limo kila ukurasa. Ukiondoka nalo, mimi nabaki na nani?"

Celestin, aliyetegemea kukuta hekima za baba, akafungua katikati akasoma kwa sauti:

"Jumanne. Leo hakuna kipya. Jeannine kapika maharage. Nimeshiba." Akafunua mbele. "Ijumaa. Hakuna kipya. Mvua. Jeannine kanicheka, nikafurahi."

Gervais akaanza kucheka, kisha akajifuta macho. Alimpenda sana kaka yake.

"Sasa kamanda, mwizi tumfanye nini?" akauliza.

"Mwizi apewe mali yake," akasema Celestin. "Nisamehe, mama. Nitakuja kila mwezi nikusomee."

"Kila mwezi! Baba yako alikuwa ananisomea kila siku."

Jioni ile Celestin hakusafiri. Alikuwa mkekani na mama yake, anasoma, na kwenye dayari walikuwa bado mwezi wa pili.